Mkwara wa Ijumaa, na ule mwingine

Nimekuwa kimya, najua. Majukumu yamenibana, na kusema kweli uvivu nao umo. Lakini leo kuna jambo limenikaa kooni na nataka nilitoe. Limeanzia mahali ambapo sikutegemea kabisa: kwenye meza ya karata.

Pale ninapoishi, Sinza, Ijumaa usiku huwa tunacheza poka. Tuko wanne, mara nyingine watano. Kabla hamjaanza kunisema kwa mama yangu, hatuchezi pesa. Tunachezea vizibo vya soda, na atakayekuwa wa kwanza kuishiwa vizibo ndiye anayetembea hadi kwa muuza chipsi na oda za watu wote, mvua inyeshe isinyeshe. Ndugu zangu wa Nairobi, sizungumzii ile poka yenu ambayo mshindi ni anayemaliza karata mkononi. Nasema ile ya Texas: kila mtu anapewa karata mbili anazoziona peke yake, kisha karata tano zinafunuliwa katikati ya meza, za wote. Unatengeneza mkono wako bora wa karata tano kutoka kwenye hizo saba. Kila hatua unaweka dau, au unapandisha, au unalipa ili uendelee, au unatupa karata zako na kujitoa.

Ijumaa iliyopita nilikuwa na takataka. Mezani hapakuwa na chochote cha kunisaidia. Mbele yangu alikuwa jamaa yetu tunayemwita Mwalimu, kwa sababu ni mwalimu kweli, wa hesabu, sekondari. Nikavisukuma vizibo vyangu vyote katikati. Vyote! Mwalimu akaniangalia. Akaangalia vizibo. Akakuna kidevu, kisha akatupa karata zake, na alikuwa na jozi nzuri tu ya kunimaliza. Nikafunua zangu. Nyumba nzima ikalipuka kwa kelele.

Mwalimu akatikisa kichwa akasema, "Kaka, wewe unadanganya vizuri mno. Huko kazini kwenu ndiyo mnafundishwa?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Lakini nilipolala ile sentensi ikawa inazunguka kichwani kama mbu. Nitaeleza sababu huko mbele. Kwanza tuuzungumzie huu uongo wa mezani wenyewe, maana una mambo.

Kiswahili chetu cha mjini kina neno lake zuri: mkwara. Kumpiga mtu mkwara ni kumtisha kwa nguvu usiyonayo. Mkwara uliotangazwa kuliko yote katika historia ya poka ulipigwa mwaka 2003, Las Vegas, kwenye fainali ya mashindano makubwa ya dunia ya mchezo huo. Walianza wachezaji 839, kila nafasi ikiwa na thamani ya dola 10,000. Wakabaki wawili. Mmoja alikuwa Sammy Farha, mzaliwa wa Lebanon, mcheza poka wa kulipwa, mtu wa suti na sigara mdomoni ambayo haiwashi. Wa pili alikuwa mhasibu wa Tennessee aliyepata nafasi yake kwa kushinda mchezo wa kwenye intaneti uliomgharimu dola 86. Jina lake Chris Moneymaker. Ndiyo, Moneymaker, na si la utani, ndilo jina la ukoo wao.

Ikafika karata moja. Moneymaker alikuwa na mfalme wa shupaza (wengine mnaita jembe) na saba ya kopa. Farha alikuwa na malkia wa shupaza na tisa ya kopa. Mezani zikafunuliwa tisa, mbili na sita, halafu nane, halafu tatu. Farha alikuwa na jozi ya tisa. Moneymaker alikuwa akisubiri shupaza moja zaidi, au karata moja ya kumkamilishia mfululizo, na havikuja vyote viwili. Mkononi hana kitu. Hata jozi hana. Akaweka kila kitu katikati.

Farha akafikiri. Akamwambia mwenzake kwamba bila shaka amezikosa shupaza alizokuwa akizisubiri. Yaani alimsoma sawasawa! Alikuwa na jibu sahihi mdomoni, na bado akatupa karata. Muda si mrefu baadaye mhasibu akawa bingwa, dola milioni 2.5. Kwa kuwa runinga ilikuwa na kamera zinazoonyesha karata za kila mchezaji, watazamaji waliuona ule uongo wote wakati Farha hauoni. Mwaka uliofuata waliojitokeza walikuwa 2,576. Mwaka 2006 wakafika 8,773. Kila mhasibu duniani alijiona anaweza.

Wengi tukiangalia tukio lile tunadhani siri iko kwenye uso. Jicho kavu, mkono usiotetemeka. Uso una kazi yake, sikatai. Wahenga wetu hawakucheza poka lakini waliijua: debe tupu haliachi kutika, na kimya kingi kina mshindo mkuu. Mcheza poka yeyote atakwambia vivyo hivyo kwa lugha yake, kwamba anayebwata na kutupa chipu kwa kishindo mara nyingi hana kitu, na aliyenyamaza ghafla, mwogope.

Lakini Mwalimu anasema uso ni pambo tu, na kwamba mkwara ni hesabu. Aliwahi kunieleza jikoni, kwa vizibo, na nitajaribu kuwaeleza kama nilivyoelewa.

Chukulia katikati ya meza kuna vizibo 100, na mimi naweka dau la vizibo 100. Wewe ili uone karata zangu unatakiwa ulipe 100, na ukishinda unachukua 200: vile vya mwanzo na vyangu. Maana yake ukiwa sahihi mara moja tu katika kila mara tatu, hupati hasara. Sasa kama mimi huwa siweki dau mpaka niwe na karata nzuri, utafanya nini? Utanijua. Kila nikiweka dau utatupa karata, na karata zangu nzuri hazitaniingizia kitu. Na kama kila dau langu ni uongo, utalipa kila mara na nitabaki uchi. Kwa dau la ukubwa huo, kipimo kinachokuchanganya kabisa ni uongo mmoja kwa kila kweli mbili. Hapo ulipe au usilipe, kwako ni mamoja. Huna pa kunishika.

Nilipoelewa hilo niliduwaa kidogo. Kwa hiyo uongo wa poka haupo ili kuiba vizibo vya leo tu. Upo ili kesho nikiwa na karata za kweli, unilipe. Na uongo nao unaishi kwa mgongo wa ukweli: Farha alitupa jozi yake kwa sababu watu wengi wanaoweka kila kitu katikati huwa wanacho kitu. Wangekuwa wote waongo, mkwara wa Moneymaker usingefika popote.

Mtu aliyeliandika hili kwa hesabu hasa ni John von Neumann, mzaliwa wa Budapest, mmoja wa vichwa vikubwa vya karne iliyopita. Mwaka 1928 alitoa makala ya hesabu kuhusu michezo ya watu, na mwaka 1944 yeye na mchumi Oskar Morgenstern wakatoa kitabu kizito kuhusu nadharia ya michezo, ambamo poka imepewa sehemu yake. Katika poka yake ndogo ya kwenye karatasi, jibu lililotoka ni la kushangaza: weka dau kubwa ukiwa na karata nzuri sana, na pia ukiwa na karata mbovu kabisa. Zile za kati, tulia nazo. Kwa nini mbovu kabisa? Kwa sababu karata za kati zina nafasi ya kushinda zikifunuliwa tu. Zile mbovu hazina njia nyingine ya kushinda isipokuwa mwenzako akimbie.

Kama bado unadhani ni mambo ya macho na kutoka jasho, sikiliza hii. Januari 2017, huko Pittsburgh, Marekani, programu ya kompyuta iitwayo Libratus, iliyotengenezwa na Tuomas Sandholm na Noam Brown wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilicheza poka na mabingwa wanne kwa siku 20, jumla ya migao 120,000. Ikawaacha nyuma kwa zaidi ya dola milioni 1.7 za chipu. Na ilikuwa ikipiga mikwara! Kompyuta haina uso, haina aibu, haijawahi kumdanganya mama yake kuhusu chenji ya dukani. Haikufundishwa kudanganya. Ilicheza na yenyewe mara nyingi mno, ikagundua kwamba asiyepiga mkwara kabisa analiwa.

Basi nikawa na jibu la kumpa Mwalimu. Nilitaka nimwambie: kaka, mimi si mwongo, ni mwanahesabu.

Lakini jibu halikunituliza, na ndipo nikaikumbuka karata nyingine niliyoicheza zamani. Nilikuwa kidato cha tatu, nimetumwa Kariakoo na pesa ya sare ya mdogo wangu. Pembeni ya barabara nikakuta watu wamezunguka kibao. Karata tatu! Mmeshawaona. Jamaa anazigeuza, anazichanganya, unaambiwa ufuate moja. Mzee mmoja mwenye kanzu akaweka hela akashinda. Dada mmoja akashinda. Mimi niliiona ile karata kwa macho yangu mawili, imekunjwa kona kidogo, haiwezi kunipotea. Nikaweka pesa ya sare. Mnajua kilichotokea. Nilipoinua uso, mzee mwenye kanzu na yule dada walikuwa wanaondoka pamoja na mwenye kibao. Niliingizwa mjini mchana kweupe.

Sasa, tofauti ya mkwara wa Moneymaker na karata tatu ni nini? Vyote ni uongo. Vyote vinachukua chako kwa kukufanya uamini kisichokuwepo.

Mcheza mpira akimpiga beki chenga, anaonyesha kulia anakwenda kushoto, hakuna anayesema amedanganya. Uwanja unashangilia, na beki mwenyewe anajua ndicho alichokuja kukizuia. Akijiangusha kwenye boksi bila kuguswa ili apewe penalti, hapo tunaguna. Poka nayo iko hivyohivyo. Unaruhusiwa kudanganya kuhusu karata zako. Huruhusiwi kuficha chipu zako kubwa nyuma ya zile ndogo, kwa sababu mwenzako ana haki ya kujua ni kiasi gani kiko hatarini. Huruhusiwi kula njama na mtu mwingine mezani. Mwaka 2007 na 2008, ilipobainika kwamba watu wa ndani katika tovuti mbili za poka, Absolute Poker na UltimateBet, walikuwa wakiziona karata za wachezaji wenzao, hakuna aliyesema ni ujanja wa mchezo. Ilikuwa ni karata tatu yenye umeme.

Kwa hiyo mkwara wa haki una masharti. La kwanza, aliye mbele yako amekaa mezani kwa hiari yake na anajua kuwa anaweza kudanganywa. La pili, ana haki ya kulipa na kuona. La tatu, na hili ndilo lililoninyima usingizi, unachokiweka hatarini ni chako. Moneymaker alisukuma chipu zake mwenyewe. Farha angelipa, mhasibu angeumia yeye.

Haya. Sasa nifike ninapoogopa kufika.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa mwandishi wa kujitegemea, nalipwa kwa habari iliyotoka. Isipotoka, unakula jina lako. Nilikuwa nafuatilia mgao wa vizimba katika soko moja, nikasikia kuna orodha, na kwenye orodha kuna majina ya watu ambao hawajawahi kuuza hata fungu la mchicha. Sikuwa nayo. Nilikuwa na namba ya simu ya karani mmoja wa ofisi husika, mama wa makamo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Nikajitambulisha. Kisha nikasema, kwa sauti tulivu kabisa, "Mama, ile orodha ninayo hapa mezani. Kesho inatoka. Nataka tu upande wako, usije ukaonekana ndiye uliyeiandaa."

Mezani kwangu kulikuwa na kikombe cha chai.

Akanyamaza muda mrefu. Akasema, "Kama unayo tayari, basi." Akaeleza yote, jina baada ya jina. Habari ikatoka, ukurasa wa mbele. Kila kilichoandikwa kilikuwa kweli, na hakuna aliyewahi kukikanusha. Mhariri akanipongeza, na mwezi uliofuata nikapewa mkataba.

Mkataba wa yule mama haukuongezwa. Waliokuwa wanaijua ile orodha walikuwa wachache, na hawakuhitaji muda mrefu kuhesabu. Alinipigia siku moja jioni. Hakugomba. Aliuliza kitu kimoja: "Mwanangu, ile orodha ulikuwa nayo kweli?"

Nikamwambia, "Ndiyo mama."

Ule mkwara wa kwanza nimeshajitetea nao mara nyingi. Habari ilikuwa ya umma, wenye haki zao walikuwa wakidhulumiwa, na kazi yetu wakati mwingine ndivyo ilivyo. Wa pili sina pa kuupeleka. Haukumtetea mwananchi yeyote. Ulinitetea mimi.

Na hata ule wa kwanza, kwa masharti yale matatu, haupiti. Mama yule hakujua kama amekaa kwenye meza ya mchezo. Kulipa ili aone hakuweza. Angeniambia "nitumie nakala", ningekata simu, nisingepoteza ila salio. Na nilichokisukuma katikati hakikuwa changu. Kilikuwa ugali wake. Kulikuwa na kitu kingine pia ambacho nilikitumia bila kukilipia: aliniamini kwa sababu waandishi waliowahi kumpigia kabla yangu wakisema "ninayo", huenda walikuwa nayo kweli. Nilikula ukweli wa wenzangu. Atakayempigia baada yangu, akiwa mkweli mpaka kwenye mifupa, sidhani kama atasikilizwa.

Jumapili nilikwenda kumwona. Siku hizi anauza vitumbua asubuhi karibu na kwake, Mbagala. Nilikuwa nimejiandalia hotuba kwenye daladala, ikaniishia palepale. Nikasema tu, "Mama, ile orodha sikuwa nayo. Siku zote mbili nilikudanganya."

Alikuwa anageuza vitumbua. Akavimaliza vyote, kimoja kimoja, ndipo akaniangalia. Akasema, "Ungeniambia huna, ningekupa. Nilikuwa nimechoka kuiona. Ila ningejua nimekupa mimi."

Halafu akamhudumia mteja.

Sikusamehewa wala sikufukuzwa. Nilinunua vitumbua kumi, akanipa na chenji yangu kamili. Nimerudi na ile kauli na bado ninayo. Kumbe nilichomnyang'anya kabla ya kazi yake ni nafasi ya kuamua mwenyewe kuwa jasiri.

Ijumaa hii tunacheza kama kawaida, na Mwalimu ajiandae, nitampiga mkwara tena na vizibo vyangu vyote. Anajua alipokaa, na ananidai. Lakini Jumatatu nikiinua simu ya kazi, baada ya shikamoo nitaanza na kile ambacho sina. Habari nyingine zitanipita kwa ajili hiyo. Mbili zimeshanipita wiki hii, na ni Jumatano tu.

Tukutane tena panapo majaliwa.